Tamasha la mtaa wetu lisiwe mahali pa kuandikisha mikopo umiza: barua ya wazi kwa viongozi wetu

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi wa Manispaa yetu, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na ndugu wajumbe wa Kamati ya Tamasha

YAH: UFADHILI WA WAKOPESHAJI FEDHA KATIKA TAMASHA LA MTAA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkazi wa ng'ambo ya Mto Kizinga, kusini mwa jiji la Dar es Salaam, na nikiwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake wengi ni mama lishe, wauza samaki na mafundi cherehani. Ninalo ombi moja, nalo nalitamka mapema ili lisipotee katikati ya maelezo: tamasha letu la mtaa la mwaka huu lisifadhiliwe na kampuni ya kukopesha fedha, na asiruhusiwe mkopeshaji yeyote kuandikisha wateja uwanjani siku hiyo. Najua ombi hili lina gharama, kwa sababu fedha za mfadhili ndizo zilizolipia jukwaa, spika na jenereta safari iliyopita, na najua pia kwamba wajumbe wa kamati hawakumkaribisha mfadhili huyo kwa tamaa. Walimkaribisha kwa kuwa daftari la michango lilikuwa tupu. Sababu ya daftari kuwa tupu ndiyo inayonifanya niandike.

Kwa viongozi waliokabidhiwa ofisi karibuni, naomba kwanza nieleze tamasha hili lilivyo. Halikuanzishwa na ofisi yoyote. Lilitokana na mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayopita mtaa hadi mtaa huku ikikusanya watu, ile ambayo mama zetu walituonya tusiifuate tusije tukajikuta Mbagala na jua limekuchwa. Baadaye wazee wakaona ni heri ngoma itulie mahali pamoja siku moja kwa mwaka, watoto wacheze wakionekana, na wenye vyungu wauze. Mpira wa kugombea mbuzi ukaongezwa, kisha mashindano ya bao chini ya mwembe, kuvuta kamba baina ya waliooa na wasiooa, mbio za magunia, na jioni vijana wakaleta mchiriku, ambao siku hizi umeipisha singeli. Gharama zilibebwa na nyumba zenyewe. Mjumbe alipita na daftari, huyu akatoa elfu moja, yule akatoa elfu mbili, asiye na fedha akatoa kuni au akaazima jamvi, na mwenye duka akatoa soda. Hesabu ilisomwa hadharani siku ya pili, palepale uwanjani, na sikumbuki ugomvi wowote uliotokana na hesabu hiyo.

Kwa mama zetu siku ile ilikuwa na maana ya pekee, na nadhani walio mbali na biashara ndogo hawaioni kwa urahisi. Muuza mihogo ya kukaanga ambaye kwa kawaida humaliza karai moja kwa jioni nzima, siku ya tamasha alikuwa akimaliza makarai kadhaa kabla ya magharibi. Muuza vitumbua alilala saa sita usiku na kuamka saa tisa. Mauzo ya siku hiyo yalikuwa yakinunua sare za shule, yakilipa sehemu ya kodi ya chumba, na katika kikundi chetu tulikuwa tukiona hisa zikipanda wiki inayofuata. Nina madaftari ya miaka hiyo na nipo tayari kumwonyesha yeyote kati yenu. Tamasha lilikuwa fedha ya mtaa inayozunguka ndani ya mtaa: ilitoka mfukoni mwa jirani na kuingia kwenye kanga ya jirani mwingine.

Kisha hali ikabadilika. Mwaka 2022 bei ya petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, nauli za daladala zikapanda, na mafuta ya kupikia yakafika bei iliyowafanya wauza chapati wapunguze ukubwa wa donge. Mwaka 2023 dola ikaadimika, na mafundi wetu wanaotegemea vitambaa na vipuri vya kutoka nje wakaulizwa bei mpya kila walipokwenda Kariakoo. Maduka ya Kariakoo yenyewe yalifungwa kwa mgomo wa wafanyabiashara mwezi Mei 2023, na yakafungwa tena Juni 2024. Sina neno na madai ya wafanyabiashara wale, lakini nataka mkumbuke kwamba kila duka linalofungwa Kariakoo lina wabeba mizigo, wauza maji, wauza chai na wasukuma mikokoteni wanaoishi huku kwetu, ambao siku wasiyotoka ni siku wasiyokula. Hivyo ndivyo msukosuko wa fedha ulivyotufikia sisi. Haukutangazwa redioni kwa jina hilo. Ulikuja ukipunguza kipimo cha unga, na ulipokuja, walikuwapo watu waliokuwa tayari kutoa fedha taslimu ndani ya dakika kumi.

Watu hao ndio tunaowaita kausha damu. Hili si jina la matusi lililobuniwa na wenye chuki; limetoka kwa wakopaji wenyewe. Naomba niwaonyeshe mkopo mmoja kwa karibu, kwa kuwa nimeona karatasi zake kwa macho yangu mwenye mkopo aliponiletea nimsaidie kupiga hesabu. Mama huyu alikopa shilingi 100,000. Mkononi alipewa 90,000, kwa kuwa 10,000 ilikatwa ya fomu. Akatakiwa kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 30, Jumapili ikiwemo. Jumla ni shilingi 150,000. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi aliyoishika alitakiwa kuongeza theluthi mbili zaidi ndani ya mwezi mmoja, na kwa kuwa alianza kurejesha kesho yake, hata hizo 90,000 hakukaa nazo mwezi mzima. Dhamana ilikuwa televisheni, godoro na mtungi wa gesi, vyote vikiwa vimepigwa picha chumbani mwake. Fomu ilikuwa na ukurasa wenye maandishi madogo ambayo hakuyasoma, na nakala yake hakupewa mpaka alipoidai mbele ya mdhamini wake.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, usiozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni, wamweleze mkopaji masharti kabla hajasaini, na wasimdhalilishe wanapodai. Kwa ukomo huo, mama yule angelipa riba ya shilingi 3,500 kwa mwezi. Yeye aliongezewa 50,000, ukiacha ile elfu kumi ya fomu. Sheria ipo, na ni sheria nzuri. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni, baada ya wananchi wengi kulalamika kwamba majina ya ndugu na wakuu wao wa kazi yalichukuliwa kwenye simu na kutumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Nililipokea tangazo lile kwa shukrani. Lakini tangazo la Benki Kuu halina miguu ya kufika uchochoroni, na anayetembea uchochoroni kila asubuhi ni afisa mikopo.

Sasa nije kwenye tamasha lililopita. Kampuni moja ya kukopesha, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kuishtaki gazetini, ilikubali kulipia jukwaa na zawadi. Kwa upande wake iliomba turubai lililo karibu na jukwaa, jina lake lisomwe na mshereheshaji kila baada ya mchezo, na vijana wake wapite katikati ya watu. Jukwaa lilipendeza, sikatai. Vijana wale walivaa fulana safi na walikuwa na adabu. Walikuwa wakigawa fulana kwa kila aliyetaja namba yake ya kitambulisho cha taifa na namba ya simu, na mmoja wao, kijana mwenye umri wa mwanangu, aliniambia bila kuficha kwamba posho yake inategemea idadi ya majina atakayorudi nayo ofisini. Nilimwuliza kama posho hiyo inategemea pia majina hayo kulipa. Akasema hiyo ni idara nyingine.

Karibu na saa kumi alasiri niliona karai la mihogo likiondolewa. Lilikuwa la mama ambaye kila mtoto wa mtaa huu anamfahamu, na ambaye amekuwa akikaa pembeni ya goli la upande wa barabarani tangu uwanja ule haujapandwa miti. Mafuta yalikuwa bado yana moto. Aliyamwaga nusu kwenye sufuria, akafunika pilipili na kachumbari kwa sahani, akambebesha bintiye jiko, wakapita nyuma ya ukuta wa shule. Nilidhani ameugua. Nilipomfuata alinionyesha kwa kidevu upande wa turubai: mmoja wa waliokaa pale ndiye aliyekuwa akimfuata nyumbani kudai rejesho. Alikuwa amechelewesha siku kadhaa na hakutaka kuitwa jina lake mbele ya watu. Siku ambayo kwa miaka yote ilimpa fedha nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, aliimaliza nyuma ya ukuta akiuzia wapita njia, na fedha aliyoikosa pale ndiyo ambayo ingeondoa deni lake.

Waheshimiwa, sijaweza kulisahau jambo hilo, na siamini kuwa lilimpata yeye peke yake. Baada ya tamasha nilipita kwa wanachama wa kikundi chetu, na baadhi yao waliniambia kwa aibu kwamba hawakufika kabisa kwa sababu walisikia tangazo la gari la matangazo na wakalitambua jina la mfadhili. Tumefanya sherehe ya mtaa ambayo wenye mtaa wanaikimbia. Na wapo waliofika wakiwa hawana deni, wakaondoka na fulana na namba zao zikiwa kwenye daftari la watu wengine. Wiki chache baadaye walipigiwa simu.

Nimesikia hoja kwamba mtu mzima hashikwi mkono na yeyote kusaini mkopo, na kwamba kila mmoja ajue anachokifanya. Hoja hii siipuuzi. Mimi mwenyewe katika kikundi huwakumbusha wanachama kwamba deni ni la aliyelichukua. Lakini yapo mazingira ambamo akili ya mtu hukaa macho, na yapo ambamo hupumzika, na tamasha liliwekwa na wazee wetu makusudi ili watu wapumzike. Mtu aliyetoka kucheka na majirani, mtoto akiwa begani, ngoma ikiwa masikioni, na jina la mkopeshaji likiwa limesomwa na mshereheshaji yuleyule anayeaminiwa na mtaa mzima, hayupo mahali pazuri pa kusoma maandishi madogo. Jukwaa letu linampa mkopeshaji kitu ambacho hawezi kukinunua kwingine, nacho ni dhamana ya mtaa. Watu husema, kama hawa si watu wazuri, mbona mwenyekiti alikaa nao?

Dunia imeyaona haya kwa kiwango kikubwa zaidi. Nchini Marekani, katika miaka iliyotangulia 2008, mawakala waliandika mikopo ya nyumba kwa watu ambao kipato chao kisingeweza kuilipa, wakalipwa kamisheni mkopo uliposainiwa, na madeni yakauzwa kwa wengine ambao hawakuwahi kumwona mkopaji. Ni hesabu ileile niliyoelezwa na kijana wa fulana: anayeandika jina halipwi kwa deni kulipika. Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika tarehe 15 Septemba 2008, mtikisiko ulifika hadi kwa mkulima wa pamba wa Shinyanga, kwa sababu bei ya zao lake katika soko la dunia ilianguka. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7, na ndani yake kulikuwa na msaada kwa wanunuzi wa mazao waliopata hasara na waliokuwa na madeni kwenye mabenki. Nauona uamuzi ule kuwa ulikuwa wa haki, kwa sababu wanunuzi wale wangeanguka na wakulima wangeanguka nao. Ninachoomba ni kwamba muuza mihogo naye atazamwe kwa jicho hilohilo. Hahitaji trilioni. Anahitaji siku yake moja ya tamasha isichukuliwe.

Tena Serikali imekwisha kumwekea njia. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika kipindi kile cha kusitishwa, wakopeshaji wa mitaani hawakusitisha. Walijaza pengo, na wengi wa wanachama wetu waliingia mikononi mwao wakati huo. Sasa njia imefunguliwa tena, lakini nikiwauliza akina mama kumi sokoni jinsi kikundi kinavyosajiliwa na fomu zinavyojazwa, watanijibu kwamba wamesikia ipo, huko ofisini. Ofisi na soko vimetenganishwa na nauli mbili na siku moja ya biashara iliyopotea.

Kwa hiyo naomba turubai lile lililo karibu na jukwaa apewe Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Aje na fomu za usajili wa vikundi na za mikopo ya asilimia 10, akae mchana kutwa, akina mama wamwulize maswali huku wakiendelea kuuza. Aje pia na orodha ya wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa na ibaki hapo baada ya tamasha. Mshereheshaji, badala ya kusoma jina la mfadhili, asome ule ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, mara nyingi kadiri awezavyo, kwa Kiswahili cha uwanjani. Wakopeshaji halali hawatadhurika na hilo, na wapo wakopeshaji halali, nami nawafahamu baadhi yao wanaofanya kazi kwa uadilifu. Hata hao, kwa siku ile moja, nawaomba wabaki ofisini kwao.

Kuhusu fedha za kuendesha tamasha, ombi langu kwa Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi ni kwamba tamasha la mtaa lisilo na kiingilio lisihesabiwe pamoja na matamasha ya biashara katika ada na tozo za Manispaa, na kwamba gari la taka lipite siku ya pili bila malipo ya ziada. Hayo mawili yakikubaliwa, mahitaji yetu yatapungua kiasi kwamba daftari la mjumbe linaweza kutosha. Jukwaa la mbao na mabomba si la lazima. Mdundiko huchezwa chini, singeli huchezwa popote palipo na spika mbili, na bao halijawahi kuhitaji jenereta. Zawadi zirudi kuwa mbuzi, ndoo na doti za kanga. Kikundi chetu kimekubaliana katika kikao chake kuazimisha viti na maturubai yetu bila malipo, na mafundi cherehani wamejitolea kushona bendera za timu kutokana na vipande vya vitambaa walivyonavyo. Vikundi vingine viwili vya mtaa jirani vimeonyesha nia ya kufanya hivyo, iwapo tu mfadhili wa mara iliyopita hatakuwepo.

Ndugu wajumbe wa Kamati, nawafahamu mmoja mmoja, na tumezikana na kuozeshana kwa miaka mingi. Nafahamu kwamba barua ya mfadhili kwa ajili ya mwaka huu imekwisha kuletwa na kwamba ina kiasi kikubwa kuliko cha mara iliyopita. Fedha hiyo imetoka wapi kama si kwenye hizo elfu tano tano za kila siku za wake zetu na dada zetu? Naomba barua hiyo isijibiwe na kamati peke yake. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa ana mamlaka ya kuitisha mkutano mkuu wa wakazi, na ninamwomba auitishe kabla ya kikao cha bajeti, siku ya Jumapili saa kumi ili wanaofanya biashara asubuhi waweze kufika. Barua ya mfadhili isomwe, na hii yangu isomwe, kisha wakazi wanyooshe mikono. Mama wa mihogo ameniahidi kwamba mkutano ukiitwa atakuja na atasema mwenyewe mbele ya watu, na amenipa ruhusa ya kuliandika hilo.

Wenu katika utumishi wa mtaa,

Mkazi na mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa
Dar es Salaam